Darasa kama Jumuiya ya Wanaojifunza: Nafasi ya Lugha ya Kuulizana

Katika maandishi ya elimu ya miaka ya karibuni imekuwa desturi kulieleza darasa kuwa ni jumuiya ya watu wanaojifunza pamoja, wala si ukumbi ambamo mtu mmoja hunena na wengine husikiliza. Kauli hiyo imepokewa kwa wepesi mno. Imeingia katika mitaala, katika vitabu vya walimu na katika mihadhara ya vyuo vya ualimu, na aghalabu hufasiriwa kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: madawati yakigeuzwa yakatazamana, wanafunzi wakagawanywa sita sita, karatasi kubwa na kalamu za rangi zikatolewa, basi inadhaniwa kuwa jumuiya imekwisha kupatikana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo lililo kubwa zaidi husahauliwa, nalo ni lugha. Watu hawawi jumuiya kwa kuketi karibu. Huwa jumuiya wanapokuwa na lugha ambayo kwayo asiyejua aweza kumwuliza mwenziwe bila ya kuogopa fedheha, na mwenziwe akamjibu kwa maneno yaliyo yake mwenyewe. Historia ya shule nchini Kenya yatoa ushahidi mwingi wa jambo hili, wa kheri na wa shari, na ushahidi huo unawahusu hasa watu wa idara za lugha, maadamu wao ndio wanaowaandaa walimu wa Kiswahili.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. "Darasa" limetoka katika mzizi wa Kiarabu uhusuo kusoma na kudurusu, na katika matumizi ya pwani "darsa" ni somo lenyewe, yaani kile kikao cha kusoma, popote kifanyikapo. "Chuo" katika Kiswahili cha zamani maana yake ni kitabu, na "mwanachuoni" ni mtu wa vitabu, aliyebobea katika elimu. Maneno yote mawili yamehama kutoka katika tendo na kitabu yakaingia katika jengo. Mtu wa leo akitaja darasa huona kuta nne na ubao. Akitaja chuo huona lango na mlinzi. Uhamaji huo wa maana si wa kulaumiwa, kwa kuwa ndiyo tabia ya maneno, lakini unaeleza kwa nini ni rahisi hivyo kudhani kwamba jumuiya ya wanaojifunza ni jambo la kupanga samani.

Kitenzi nacho kina habari yake. Kiswahili hakisemi mtoto "hufunzwa" tu. Husema pia kwamba "hujifunza", na kile kirejeshi "ji" humfanya mwanafunzi awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Ipo pia kauli ya kutendana, "kufunzana", ambayo kila msemaji wa lugha huielewa mara aisikiapo, ijapokuwa katika nyaraka za shule ni nadra kuonekana, ilhali "kufundishwa" imejaa tele. Karibu na hayo limesimama neno "fundi", ambalo halikosi undugu na "funda" na "fundisha". Fundi mwashi, fundi seremala na fundi cherehani hawakupata ufundi wao kwa kusikiliza maelezo juu ya matofali, mbao na vitambaa. Walikaa miongoni mwa mafundi.

Jambo hili la mwisho lina umuhimu kuliko lionekanavyo, kwa sababu nadharia inayotajwa mno katika vyuo vya ualimu ilichota sehemu ya ushahidi wake Afrika. Katika mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu kilichoeleza kujifunza kuwa ni kuingia hatua kwa hatua katika shughuli ya kundi la watu, na mojawapo ya mifano yao mikuu ilikuwa mafundi wa kushona nguo wa Kivai na Kigola wa Liberia, ambao Lave alikuwa amewachunguza miaka mingi kabla. Mwanagenzi huko hakuanza na kukata kitambaa. Alianza na mwisho wa kazi, yaani kutia vifungo na kukunja pindo, kisha akaja katika kushona, na kukata kukawa ndiko kwa mwisho. Kwa mpango huo, tangu siku ya kwanza alikuwa akishughulika na vazi la kweli, na kosa lake halikuharibu kitambaa cha mtu. Kabla ya hao, Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, alikuwa amekwisha kuandika kwamba uwezo wa akili wa mtoto hutokea kwanza baina ya watu, kisha ndipo uhamiapo ndani ya mtoto mwenyewe, na kwamba chombo kikuu cha uhamisho huo ni lugha. Wapo wanaomtaja Vygotsky kila siku pasipo kuizingatia sehemu hiyo ya pili. Ikiwa chombo ni lugha, basi mtoto aliyenyimwa lugha ya kuzungumza na wenzake amenyimwa chombo chenyewe, hata kama ameketishwa katika duara zuri namna gani.

Desturi za hapa zilizotangulia shule

Kabla ya shule za kizungu, watoto wa pwani walisomea chuoni, na namna ya chuo ilivyopangwa yastahili kutazamwa upya, bila ya kuisifu kupita kiasi. Watoto wa umri mbalimbali waliketi mahali pamoja, kila mmoja na ubao au juzuu yake, kila mmoja katika hatua yake mwenyewe, wote wakisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mgeni aliyepita nje alisikia makelele. Mwalimu aliyeketi ndani alisikia sauti moja moja, akamjua aliyeteleza. Mtoto mkubwa aliyekwisha kuvuka hatua fulani alimsikiliza mdogo aliyekuwa bado humo, akamsahihisha, na kwa kumsahihisha akaithibitisha elimu yake mwenyewe. Hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Palikuwa na waliotangulia na waliofuata. Bakora ilikuwapo, na kazi za nyumbani kwa mwalimu zilikuwapo pia, kuteka maji na kutafuta kuni. Tena mtoto aliweza kuhitimu kusoma matini yote ya Kiarabu asiijue maana yake. Hapo ndipo ulipokuwa upungufu mkubwa wa chuo kwa upande wa hoja hii: watoto walisaidiana katika sauti, lakini hawakuwa na la kuulizana katika maana.

Upungufu huo uliondolewa katika darsa za watu wazima. Huko Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, na katika misikiti mingi ya Mombasa na miji mingine, mwalimu alisoma kitabu cha Kiarabu sentensi kwa sentensi na kukieleza kwa Kiswahili, na wasikilizaji, wazee kwa vijana, waliuliza kwa Kiswahili. Lugha ya kitabu ilikuwa moja na lugha ya kuulizana ilikuwa nyingine, wala hakuna aliyeona kwamba hiyo ya pili imeitia doa ya kwanza. Mpango huu haukubuniwa na mtaalamu yeyote wa elimu ya lugha mbili. Umedumu kwa sababu watu walitaka kuelewa.

Upande wa bara na pwani pia kulikuwa na vitendawili, na hapa pana jambo ambalo wataalamu wa fasihi simulizi wamelieleza sana kwa upande wa sanaa na kidogo mno kwa upande wa elimu. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira ikaitikia "Tega!", naye akatega. Majibu hutolewa, mengine ya kuchekesha, mengine ya karibu. Ikiwa wote wameshindwa, mtegaji hudai apewe mji. Hupewa Mombasa, huikataa au huikubali. Akiikubali, husimulia kwamba alikwenda Mombasa na watu wa huko wakamwambia kuwa jibu ni kadha wa kadha. Tazama lililotendeka. Kutojua kumewekewa bei ijulikanayo, nayo ni mji. Bei hiyo hulipwa na kundi zima, haimwelemei mtu mmoja. Na mara ikilipwa, elimu hutolewa yote, bila ya masimango. Aliyeshindwa sasa ndiye atakayetega kesho kwingineko. Ni vigumu kuupata mfano ulio bora zaidi wa jumuiya ya wanaojifunza, na ulikuwa ukichezwa na watoto wa miaka sita.

Methali isemayo kwamba kuuliza si ujinga imetundikwa katika kuta za madarasa mengi ya Kenya. Iko hapo kama pambo. Shule haikuwa na utaratibu wa kuitekeleza, kama kitendawili kilivyokuwa nao.

Diski, na mageuzi yaliyokuja na Kiingereza

Shule ya kikoloni ilileta utaratibu mwingine, ulio kinyume kabisa. Wasomaji wengi wa jarida hili wanaujua kwa majina yake, "diski" au "monito": kipande cha mti, kifungo, au bati ambacho alivishwa au alipewa mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao. Naye ili apate kukitua alihitaji kumsikia mwenziwe akifanya kosa lilo hilo, na jioni msururu wa waliokipokea ulihesabiwa na kuadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kifaa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu siasa ya lugha katika fasihi ya Afrika, na tangu hapo kimetajwa sana kama alama ya kudharauliwa kwa lugha za Kiafrika. Hakikuwa cha Kenya peke yake. Watoto wa Wales nchini Uingereza na wa Bretagne nchini Ufaransa walivishwa vifaa vya namna hiyo hiyo katika karne ya 19. Lakini pamoja na dharau kwa lugha, diski ilifanya jambo jingine lisilotajwa mara nyingi. Iligeuza kila sikio la mtoto kuwa sikio la mpelelezi. Mtoto alimsikiliza jirani yake kwa makini kuliko alivyomsikiliza mwalimu, na alichokitafuta ni kosa lake. Ukitaka kuvunja jumuiya ya watoto, hutapata njia iliyo rahisi kuliko kuwapa faida katika aibu ya wenzao. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini diski haikuhitaji kiboko ili itende kazi yake, na katika baadhi ya shule imeendelea kwa majina mengine.

Kilichofuata ni kisa chenye kinaya. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi mpango mpya wa shule za msingi, ambao walimu wa siku zile waliuita kwa ufupi NPA. Mpango huo ulikuwa wa kimaendeleo kwa kila kipimo cha ufundishaji. Ulivunja safu za madawati, ukawaweka watoto katika vikundi, ukaleta michezo, vitu vya kushika, hadithi na shughuli. Yale yote ambayo hivi leo hufundishwa kama sifa za darasa la jumuiya yalikuwamo. Ila uliyaleta pamoja na Kiingereza tangu mwaka wa kwanza wa shule. Ulianza na watoto wa Kihindi wa mjini, kisha ukaenezwa kwa watoto wa Kiafrika. Basi mtoto aliwekwa katika kikundi ili azungumze, na papo hapo akapewa lugha ambayo hakuwa nayo. Mikono ilifunguliwa, ulimi ukafungwa. Tume ya Ominde katika ripoti yake ya 1964 ilikiunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na kwa lugha za nyumbani ikaacha kipindi kimoja kwa siku cha kusimulia hadithi katika madarasa matatu ya chini. Kipindi hicho ni cha kuangaliwa: tume iliona kwamba mtoto ana la kusema katika lugha ya kwao, lakini ililihesabu la kusema hilo kuwa hadithi, halikuhesabiwa kuwa hesabu wala sayansi wala swali.

Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudi nyuma hatua moja, ikapendekeza lugha ya eneo la shule itumike kufundishia kwa miaka mitatu ya kwanza, na huo umebaki kuwa msimamo wa sera hadi katika mtaala wa umilisi ulioenezwa nchini tangu 2019. Kiswahili kilipata nguvu ya mtihani mwaka 1985 kwa mfumo wa 8-4-4, na hadhi ya lugha rasmi pamoja na ya taifa kwa Katiba ya 2010. Sera, kwa hiyo, si mbaya. Ni kwamba mitihani ya masomo yote isipokuwa lugha zenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu mwenye busara ya kawaida hufuata mtihani.

Itikio la pamoja

Mgeni aingiapo katika darasa la shule ya msingi atasikia sauti za watoto kwa wingi, na huenda akadhani kwamba jumuiya imo. Mwalimu husema, "Nomino ni jina la mtu, kitu, au maha...", kisha hupandisha sauti na kunyamaza, na watoto sitini hujibu, "...li!" Mwalimu huuliza, "Tumeelewa?" Hujibiwa, "Ndiyo, mwalimu!" Mwanaisimu akilichunguza zoezi hilo ataona kwamba linapima kitu kimoja kwa hakika, yaani umilisi wa silabi za Kiswahili. Mtoto asiyejua nomino ni nini, wala kitu ni nini, aweza kuimaliza "mahali" barabara.

Sinclair na Coulthard, katika uchambuzi wao wa mwaka 1975 wa mazungumzo ya darasani nchini Uingereza, walionyesha muundo wa hatua tatu: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hupima jibu. Mwulizaji hapo ni mtu ajuaye, na mwulizwaji ndiye asiyejua, kinyume cha mazungumzo ya kawaida ya wanadamu. Katika madarasa mengi ya Afrika hatua hizo zimepungua zikawa mbili, kwa maana itikio la pamoja halina cha kupimwa. J. Keith Chick, akiandika mwaka 1996 juu ya shule za KwaZulu nchini Afrika Kusini, aliyaita mazungumzo ya namna hiyo kuwa ni ya kujisalimisha: mwalimu na wanafunzi, wote wakiwa hawaimudu lugha ya kufundishia, hushirikiana kuficha jambo hilo ili heshima ya kila mmoja isalimike. Maelezo hayo ni ya haki kuliko lawama zinazowaangukia walimu kila mara. Itikio ni jumuiya ya aina yake. Ila ni jumuiya ya kufichiana kutojua, ambapo ile ya kitendawili ilikuwa ya kukulipia.

Hata hivyo yafaa kutahadhari. Lugha inayojulikana na wote ni sharti, lakini peke yake haitoshi. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi tangu mwaka 1967, na kelele za itikio hazikukoma kwa amri hiyo. Lililodhihirika huko ni upande wa pili wa hoja: watoto walioweza kuuliza katika shule ya msingi walinyamaza walipovuka kwenda sekondari, ambako Kiingereza kilibaki, na uchunguzi wa Criper na Dodd wa 1984 ulithibitisha kwamba wengi wao hawakuiweza lugha hiyo kwa kiwango cha kusomea. Kwa maneno mengine, lugha huufungua mlango. Kuingia ni kazi ya mwalimu.

Somo la ngeli

Kazi hiyo yaweza kuonyeshwa vizuri zaidi katika somo la Kiswahili lenyewe, na katika sehemu yake inayochukiwa kupita zote, yaani ngeli. Chukua darasa la mjini Nairobi au Nakuru, lenye watoto wa Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waluhya na wengine. Mtoto mmoja ameandika, "Ng'ombe hii imepotea." Mwalimu wa kawaida huipiga kalamu nyekundu, akaandika juu yake "huyu amepotea", na somo likaendelea. Mtoto amepata alama pungufu na hakupata sababu. Juma lijalo ataandika "mbwa hii".

Sasa na lichukuliwe darasa ambamo kosa hilo limeandikwa ubaoni bila ya jina la mwenye nalo, na watoto wakaulizwa wasemavyo nyumbani. Mtoto wa Kikuyu atasema kwamba kwao ni "ng'ombe ĩno", na kwamba "ĩno" hiyo hutumika pia kwa nyumba. Ndipo itakapoonekana kwamba aliyeandika "ng'ombe hii" hakubahatisha. Alifuata kanuni timamu ya lugha nyingine ya Kibantu, ambayo humweka mnyama katika ngeli ya umbo la jina lake. Kiswahili sanifu, kwa upande wake, hutazama uhai kwanza: kiboko, kipofu, ng'ombe na nyoka wote huingia katika A-WA, hata iwe majina yao yana umbo gani. Kanuni hii watoto wakiikuta wenyewe kwa kulinganisha, haiwatoki tena. Tena aliyekosa amekuwa ndiye aliyeleta data.

Kisha huja mtoto asemaye Dholuo. Katika lugha yake mti mkubwa ni "yath maduong'", nyumba kubwa ni "ot maduong'", kitabu kikubwa ni "buk maduong'". Sifa haigeuki kwa sababu ya ngeli, kwa kuwa ngeli za namna hiyo hazimo. Mtoto huyo ndiye ambaye katika madarasa mengi huhesabiwa kuwa dhaifu wa Kiswahili, na yeye mwenyewe huamini hivyo. Lakini ndiye pekee awezaye kuuliza swali la msingi, kwamba kwa nini "kubwa" igeuke hata kidogo, ambapo wenzake wa Kibantu hawajapata kuona kuwa hapo pana jambo la kuulizwa. Samaki haulizi habari za maji. Swali lake likipewa nafasi, linawalazimisha wale wengine kueleza kitu walichokuwa wakikitenda bila ya kukijua, na kueleza huko ndiko kujifunza sarufi. Pasipo yeye, darasa lingalikuwa na mazoea tu.

Na akizidi kuuliza atafika mbali. Ikiwa uhai ndio unaotawala, na kwa hiyo husemwa "ng'ombe wangu", mbona husemwa "rafiki yangu" na "ndugu zangu"? Je, rafiki ana uhai pungufu kuliko ng'ombe? Watoto watacheka, na kicheko hicho si cha kumcheka mtu. Mwalimu huenda asiwe na jibu tayari. Aweza kusema kwamba majina ya ujamaa na ya uhusiano wa watu yamehifadhi umiliki wa ngeli yao ya asili, na hata hilo ni maelezo ya namna jambo lilivyo, halijafika kwa nini likawa. Mwalimu aliyezoea itikio ataliona swali hilo kuwa ni utovu wa adabu. Aliyezoea kuulizana atawaambia watoto wakusanye mifano mpaka Ijumaa: baba yangu, shangazi yangu, adui yangu, mbuzi wangu, kuku wangu. Siku hiyo darasa litakuwa linafanya kazi ile ile ifanywayo na idara ya isimu, kwa data chache zaidi na kwa furaha kubwa zaidi.

Swali la lugha ipi watoto hao watumie wanapojadiliana limezusha hofu nyingi kuliko inavyostahili. Wakigawanywa katika vikundi, watoto wa mjini hujadiliana kwa Sheng, na wa mashambani kwa lugha ya kwao, na mwalimu akikaribia hugeuka wakasema Kiswahili cha kitabu, au hunyamaza. Walimu wengi wameligundua jambo hili na kulipiga vita, wakidhani wanakilinda Kiswahili sanifu. Lakini mantiki ya darsa ya Lamu yatumika hapa pia. Lugha ya kulitafuta jibu si lazima iwe lugha ya kulitoa. Kikundi na kibishane kwa lugha yoyote kiwezayo, mradi msemaji wake atakaposimama mbele ya wote atoe ripoti kwa Kiswahili sanifu, na hapo wenzake wawe na haki ya kumsahihisha. Kazi ya kuyahamisha mawazo kutoka katika Sheng hadi katika Kiswahili sanifu ni zoezi la lugha lililo gumu na la kweli, kupita kujaza mapengo ishirini katika kitabu cha mazoezi. Anayeilinda lugha kwa kuwanyamazisha wasemaji wake atabaki na lugha isiyo na wasemaji.

Yapo mambo yanayompinga mwalimu, na si haki kuyapita. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa muda mfupi, wala walimu na vyumba havikuongezeka kwa kiasi hicho. Watoto themanini katika chumba kimoja ni hoja nzito. Hata hivyo chuo cha pwani kilikuwa na watoto wengi na mwalimu mmoja, na hakikuendeshwa kwa itikio; kiliendeshwa kwa kuwapa waliotangulia kazi ya kuwasikiliza waliofuata. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa tangu 1985 hadi ulipokomeshwa baada ya 2023, nao ulikuwa na majibu ya kuchagua katika karatasi ya lugha, na hakuna awezaye kuulizana juu ya herufi A, B, C na D. Kizuizi hicho sasa kimeondoka kwa jina. Kama kimeondoka kwa tabia ni jambo jingine, kwa sababu mwalimu aliyefunzwa kwa itikio hufunza kwa itikio.

Na wapi alikofunzwa? Hapa suala linarudi katika idara zenyewe. Mhadhara juu ya kazi ya vikundi aghalabu hutolewa kwa wanafunzi mia mbili waliokaa kimya katika safu, wakiandika. Wanafunzi wa shahada hujadili fonolojia ya Kiswahili kwa maandishi ya Kiingereza, kisha hupelekwa shuleni kuifundisha kwa Kiswahili, na istilahi hutafutwa njiani. Ni wachache waliowahi kuombwa na mhadhiri kuleta sentensi ya lugha yao ya nyumbani mbele ya wenzao ili ilinganishwe, ijapokuwa katika ukumbi mmoja wa idara ya lugha za Kiafrika huwamo lugha kumi au kumi na tano zenye wasemaji wazawa, utajiri ambao vyuo vingi vya nje hulazimika kuutafuta kwa gharama. Mhadhiri aendaye kumkagua mwanafunzi wake katika mazoezi ya kufundisha hubeba fomu yenye nafasi ya andalio la somo, ya usafi wa ubao, ya sauti ya mwalimu, ya vifaa, na ya mgawanyo wa dakika 35 au 40. Mara chache huwa na nafasi ya kuandika ni maswali mangapi yaliyoulizwa na watoto wenyewe, kwa lugha gani, na yalijibiwa na nani. Swali la "rafiki yangu" na "ng'ombe wangu" lingelazimika kuandikwa pembeni, kwa kalamu ya risasi.